Namna ya Kusikiliza Albamu Nzito ya Metali ya Majaribio Kabla ya Kuitolea Maoni

Albamu nyingi za metali ya majaribio, yaani muziki mzito wa magitaa unaovunja kanuni za kawaida, huhukumiwa baada ya dakika tano na kuitwa kelele tupu, ilhali zimetungwa kwa namna ambayo dakika tano haziwezi kuonyesha chochote. Dopesmoker ya bendi ya Sleep, katika toleo la mwaka 2003, ina wimbo mmoja unaozidi saa nzima. Kwa hiyo tenga kwanza muda unaolingana na albamu yenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka.

Usisikilizie spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, na wanamuziki hawa huulegeza zaidi ya hapo, jambo ambalo spika ndogo haiwezi kulitoa, hivyo utabaki na mkwaruzo bila uzito wake. Hedifoni nzuri zinatosha, na sauti isizidi kiwango ambacho masikio yanakivumilia kwa saa nzima.

Katika usikilizaji wa kwanza, acha kumtafuta mwimbaji. Mngurumo wake uuchukue kama ala mojawapo. Fuata ngoma badala yake. Bendi ya Meshuggah ya Uswidi ni shule bora ya jambo hili: mara nyingi matoazi hushika mapigo manne ya kawaida, huku magitaa yakirudia kifungu ambacho urefu wake haugawanyiki sawasawa kwa manne, kwa hiyo kifungu hicho huangukia mahali papya kila kinaporudi, mpaka pande hizo mbili zikutane tena. Hesabu nne kwa mguu huku sikio likifuata gitaa. Utapotea mara kadhaa, nami nilipotea kwa majuma mengi, lakini siku utakayozisikia pande zote mbili kwa pamoja, kile ulichokidhani fujo kitajipanga chenyewe. Ukishazoea, jaribu albamu yao Catch Thirtythree ya mwaka 2005, ambayo ni utungo mmoja uliokatwa vipande 13. Ngoma zake zilipangwa kwa kompyuta, nami siioni kuwa kasoro, kwa kuwa ubaridi wake ndio unaoufanya muziki huo utishe.

Albamu za mwendo wa polepole zinataka sikio jingine. Earth 2, iliyotolewa na bendi ya Earth mwaka 1993, ina vipande vitatu tu katika zaidi ya dakika 70, na karibu yote ni mvumo wa magitaa. Hapo usingojee wimbo ubadilike. Sikiliza namna noti moja inavyokufa, na jinsi mwangwi wake unavyozaa sauti ambazo hakuna aliyezipiga. Obscura ya bendi ya Gorguts, ya mwaka 1998, ni ngumu kuliko zote hizi kwa sababu magitaa yake hugongana kwa makusudi, na sishauri mtu aitolee hukumu kabla ya kuisikiliza mara tatu, kwa siku tofauti.

Unapoandika maoni, usiishie kusema kwamba albamu ni nzito, kwa maana hilo linafahamika. Taja dakika ambayo uzito uliongezeka na kitu kilichouongeza: ngoma zilizopunguza mwendo, besi iliyoingia, au ukimya uliotangulia. Mahali ambapo marudio yalikuchosha, rudi hapo mara moja zaidi kabla ya kuandika, uhakikishe kwamba kifungu hicho hakikuwa kikibadilika kidogo kidogo bila wewe kukitambua.