Gari yako ya spoti inakurusha kwenye matuta? Namna ya kuchagua saizi ya tairi ili itulie, hatua kwa hatua

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni fundi tairi hapa Arusha, upande wa Unga Limited, na mwenyewe natembelea Altezza RS200 ya gia za mkono. Kwetu ni Kiborloni, Moshi, kwa hiyo ile barabara ya kilomita kama 80 naijua tuta kwa tuta. Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila wiki anakuja mtu na Subaru Impreza, na Toyota 86, na Altezza, analalamika gari inapiga kama mkokoteni, halafu ananiambia nimpunguzie upepo tu aende zake. Hapana ndugu yangu, kupunguza upepo sio dawa, tairi inapata moto ubavuni na siku moja itakupasukia huko Kikatiti ukiwa spidi.

Kilichonifanya mimi nilitafute hili jambo kwa undani ni mama yangu. Nilikuwa namleta Arusha kumuona daktari, ana tatizo la kiuno, na gari wakati huo ilikuwa na 215/45R17. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango kuanzia Kwa Sadala mpaka Tengeru hajakiachia, hakusema neno lolote njia nzima, tulipofika ndio nikaona anaukunjua mkono taratibu kidole kimoja kimoja, umekufa ganzi. Iliniuma sana. Nikasema hii gari naipenda lakini haiwezekani.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni tairi

Kabla hujatoa hata mia, angalia shokapu kama zinavuja oili, angalia bushi za kontrol amu, stabilaiza linki, na mauntingi za juu za shokapu. Kama gari inagonga "ngo! ngo!" upande mmoja hiyo sio tairi, hiyo ni kitu kimelegea huko chini. Tairi yenye ubavu mfupi haigongi hivyo, yenyewe inakurushia kila kajiwe moja kwa moja kwenye kiti, unasikia ule mtetemo mkavu kwenye usukani na mgongoni. Halafu pima presha tairi ikiwa ya baridi, asubuhi kabla hujatembea, ulinganishe na ile stika iliyopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Nimeshapokea magari yana psi 45 kwenye tairi inayotaka 32 hivi, mtu alijaziwa kwa kukadiria, tukashusha tu mpaka namba ya stika na shida yote ikaishia hapo, hakununua kitu.

Na wanaopanda kutoka Dar, Arusha tupo mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ya nje huku ni nyepesi kwa hiyo tairi uliyoijaza pwani geji inaweza kukusomea kama psi 2 zaidi ukifika huku. Pima upya.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

215/45R17 87W. Hiyo 215 ni upana kwa milimita. Hiyo 45 sio milimita, hapa ndio wengi wanapotea, ni asilimia ya upana, maana yake ubavu una urefu wa asilimia 45 ya 215, yaani milimita 96.75. R ni aina ya ufumaji wa ndani, radial. 17 ni rimu kwa inchi. 87 ni uzito, kila tairi inabeba kilo 545. W ni spidi, mwisho kilomita 270 kwa saa.

Kwa hiyo kati ya rimu yako na lami una kama sentimita 9.7 za raba na upepo basi. Huo ndio mto wako wa kukalia. Rasta za Usa River, yale matuta madogo yaliyofuatana barabarani, zinaanza kupita hapo kabla hazijafika kwenye shokapu, na kadiri ubavu unavyokuwa mrefu ndio unavyopata nafasi ya kujikunja na kumeza ule mpigo.

Hatua ya 3: Piga hesabu, chukua simu yako

Hapa ndio roho ya kazi yenyewe. Unataka ubavu urefuke lakini tairi nzima kutoka chini mpaka juu ibaki na kimo kilekile. Njia ya kufanya hivyo ni moja, kushuka rimu inchi moja na kuongeza ubavu. Hesabu ni: ubavu mara mbili, jumlisha rimu (inchi zidisha kwa 25.4).

Tairi yangu ya zamani: 96.75 mara mbili ni 193.5, jumlisha 17 x 25.4 ambayo ni 431.8, jumla milimita 625.3.

Nikaweka 205/55R16: asilimia 55 ya 205 ni 112.75, mara mbili 225.5, jumlisha 406.4, jumla 631.9.

Tofauti ni milimita 6.6, kama asilimia 1 tu, lakini angalia ubavu, umetoka 96.75 mpaka 112.75, milimita 16 nzima zimeongezeka! Spidomita ikisoma 100 kweli unaenda kama 101 ukilinganisha na mwanzo, hiyo haikupi shida hata na tochi ya trafiki. Mimi nawashauri watu msizidi asilimia 2 juu wala chini, mwisho kabisa 3.

Sasa niwaambie nilivyokosea, maana mwanzoni sikushuka rimu. Duka moja waliniambia wewe baki na rimu zako nzuri za 17, tunakuwekea 215/50 ubavu unapanda mambo yanaisha, na mimi fundi mzima nikakubali bila kupiga hesabu kwa sababu nilizipenda zile rimu. 215/50R17 jumla yake ni 646.8, imezidi asilimia 3.4. Siku ya kwanza nikiwa peke yangu safi kabisa. Jumapili nimebeba watu wanne tunatoka kanisani, nakata kona kuingia nyumbani gari ikazama kwenye shimo huku usukani umekatwa mpaka mwisho, nikasikia "krrraaa", tairi imekula ile plastiki ya ndani ya fenda mpaka imetoboka. Zile tairi niliziuza kwa hasara ndani ya mwezi.

Hatua ya 4: Tafuta saizi ambayo kiwanda chenyewe kilishaiweka

Hii ndio siri naiamini kuliko zote. Usianze kubuni, angalia gari hiyohiyo ya daraja la chini au ndugu yake ilitoka kiwandani na saizi gani. Toyota 86 ya GT ilitoka na 215/45R17, ila ile ya G, ya daraja la chini, ilitoka na 205/55R16. Lexus IS300 ya Marekani, ambayo ni Altezza yenye injini nyingine, nayo ilikuwa na hizohizo mbili. Kama wahandisi wenyewe wameshaiweka, basi breki, fenda na gia zimeshafanyiwa hesabu na watu wenye vifaa kuliko mimi na wewe.

Wenye Mark X na Crown Athlete za 225/45R18 (659.7), nyie mna raha, 225/50R17 inatoka 656.8 karibu sawasawa kabisa, na ubavu unapanda milimita 11. Ukitaka kulala kabisa Mark X ina 215/60R16 ya kiwandani.

Wenye Subaru WRX STI hapa msome vizuri. Zile kalipa kubwa za Brembo (zile zinazobana diski za breki) haziingii kwenye rimu ya 16, msijaribu. Ya 245/40R18 shuka 245/45R17, kimo kinabaki kilekile karibu, ubavu unaongezeka milimita 12, ila lazima rimu ya 17 ijaribiwe kwanza. Na kwa sababu inavuta kwa miguu yote minne, tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja na kashata (ile mistari ya juu inayoshika lami) zilizoisha sawa. Ukichanganya mbili mpya na mbili kipara, zinazunguka tofauti na ile difu ya kati inafanya kazi muda wote mpaka inakufa.

Hatua ya 5: Rimu

Geuza rimu usome mgongoni. Upana kwanza, 205/55R16 inakaa kwenye rimu ya kuanzia inchi 5.5 mpaka 7.5, mimi natumia 6.5. Matundu ya nati: Altezza ni 5x114.3 (nati 5 kwenye duara la milimita 114.3), 86 ni 5x100, haziingiliani hata kidogo. Na kuna mtu atakwambia 5x112 "inakubali ukikaza vizuri" kwenye 114.3, tafadhali usikubali, nati inakaa upande, inajilegeza yenyewe, gurudumu linakutoka. Tundu la katikati nalo, Altezza ni milimita 60.1, kama la rimu ni kubwa zaidi weka ringi ya habu, la sivyo usukani utatetemeka kuanzia spidi 80 na utalaumu balansi bure. Ofseti, yaani rimu imekaa ndani au nje kiasi gani, ibaki karibu na ya mwanzo, ikipungua sana tairi inatoka nje, ikizidi inaenda kusugua shokapu.

Halafu jaribu kwanza kabla hujalipa. Chukua rimu moja tupu bila tairi, ifunge mbele, izungushe kwa mkono taratibu huku unachungulia kwenye kalipa. Nafasi ya kutosha kidole iwepo. Ikigusa hata kidogo rudisha.

Hatua ya 6: Tairi zinafanana saizi lakini hazifanani roho

Saizi moja, tairi mbili, moja inakuua mgongo nyingine inakubembeleza. Za spoti ubavu wake mgumu makusudi. Tafuta za safari, zile za matumizi ya kawaida. Nikiwa dukani nashika tairi isiyo na rimu naukandamiza ubavu kwa kiganja, ngumu na laini unazisikia palepale. Ikiandikwa XL ubavu umeimarishwa kubeba zaidi, inakuwa ngumu, usichukue kama gari yako haihitaji. Namba ya uzito isishuke chini ya ya mwanzo, hiyo sina mjadala; 205/55R16 nyingi ni 91, kilo 615, kwa hiyo hapo tumepanda. Spidi H ni 210, V ni 240, angalia kitabu cha gari kinataka nini.

Mitumba siwakatazi maana najua hali zetu, ila soma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, ndio tarehe ya kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pitisha mkono ndani ya tairi, ukikuta kiraka ubavuni au nundu, acha. Raba ikizeeka inakuwa kavu na ngumu, na ule ulaini uliokuwa unautafuta ndio haupo tena.

Hatua ya 7: Funga, paka chaki, pima

Baada ya balansi na alaimenti paka chaki kwenye bega la tairi, kote nne. Beba watu wanne, kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, pita kwenye makorongo taratibu, rudi uangalie. Chaki ikifutika bega la juu mahali pamoja ina maana pameguswa.

Halafu rudia njia uliyopita na tairi za zamani, spidi ileile. Mimi nilitumia kipande cha vumbi cha Moshono kwa spidi 30 na rasta za Usa River. Zile rasta zilikuwa zinaingia "tratratra" mpaka kioo cha ndani kinacheza huoni nyuma, sasa hivi ni "dududu" ya chini chini. Usukani umekuwa mzito wa kujibu kidogo, kwenye kona kali gari inalala zaidi ya zamani, hilo lazima uliweke kichwani na upunguze spidi. Kwangu mimi hiyo biashara nimeikubali kwa moyo wote. Mama nilipomrudisha kliniki mwezi uliofuata alikuwa ananipigia stori za shamba, mikono iko mapajani.

Ukishatembea kilomita kama 100 rudi ukaze nati tena kwa spana ya kupimia nguvu, Toyota nyingi ni 103 Nm, kaza kwa kuruka kama nyota sio kwa kuzunguka. Spea nayo ipime kimo, watu wengi wanaisahau, ikipishana sana na hizi mpya itumie kukufikisha kwa fundi tu.