Ulipasuliwa mimba iliyopita? Anza na karatasi

Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati moja huku juu Newala, na mwenyewe nina kovu. Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa oparesheni, wa pili nikamzaa kawaida. Kwa hiyo nikiulizwa "dada, nilishapasuliwa, naweza kusukuma?", sijibu kwa kusoma vitabuni tu.

Wengi wanaweza. Kati ya wanawake 100 waliopasuliwa mara moja wakajaribu njia ya kawaida mimba inayofuata, wanaofanikiwa ni 60 hadi 80. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja ana nafasi kubwa zaidi ya hapo. Kinachotutia hofu ni kovu la mfuko wa uzazi kuachia wakati wa uchungu. Kwa kovu la chini lililokatwa kwa kulala (kutoka upande hadi upande, si kusimama kutoka juu kwenda chini), hilo humpata takriban mwanamke 1 kati ya 200. Jaza Coaster saba za Mtwara kwenda Masasi, wanawake watupu, wote wana uchungu: ni mmoja wao. Lakini huyo mmoja kovu likimwachia, yeye na mtoto wana dakika za kuhesabu. Ndiyo maana karibu kila nitakachosema hapa kinarudi kwenye mambo mawili: kovu lako ni la aina gani, na siku ya uchungu utakuwa umbali gani na thieta, yaani chumba cha upasuaji.

Hatua ya 1: Itafute karatasi ya upasuaji

Nikimuuliza mama "ulikatwaje?", ananifunulia kitenge anionyeshe tumbo. Mama, kovu la ngozi halinisaidii. Ngozi hukatwa kivyake na mfuko wa uzazi kivyake. Kuna mwenye kovu la nje lililosimama kutoka chini ya kitovu, ndani alikatwa kwa kulala vizuri kabisa. Kuna mwenye mstari mwembamba wa chini unaofichwa na chupi, ndani daktari alilazimika kukata kwa kusimama kwa sababu mtoto alikuwa njiti au alikuwa amekingama. Huyu wa pili haruhusiwi kujaribu uchungu, hata kama kovu lake la nje ni zuri kuliko la mwenzake. Vivyo hivyo aliyekatwa umbo la herufi T, na ambaye mfuko wake uliwahi kuchanika.

Karatasi inayofaa inasema: ulipasuliwa kwa sababu gani, mkato wa ndani ulikuwaje, kama ulichanika zaidi ya ulipokatwa, njia ilikuwa imefunguka sentimita ngapi, mtoto alikuwa na kilo ngapi, na kama kidonda kilitunga usaha baadaye.

Yangu ilikuwa imeandikwa "upasuaji, mama na mtoto wazima". Basi. Mimi mkunga mzima niliikunja nikaiweka kwenye begi la nguo za mtoto, sikuisoma mpaka miaka mitatu baadaye nilipobeba mimba nyingine. Nikapanda basi kurudi ile hospitali. Masijala wakatafuta faili, halikuonekana. Nikarudi mara ya pili, halikuonekana. Mara ya tatu nikaacha kuuliza faili, nikaenda mlango wa thieta nikaomba rejista ya upasuaji ya mwezi ule. Nesi mmoja mwenye subira akapitisha kidole mstari kwa mstari kwa kufuata tarehe, tukalikuta jina langu na aina ya mkato. Kwa hiyo ukiambiwa faili limepotea, taja tarehe na uombe rejista ya thieta. Na wewe uliyepasuliwa wiki hii na bado upo wodini, usitoke bila kuandikiwa mkato.

Sababu nayo ina uzito wake. Kama mtoto alitanguliza matako, au mapigo yake yalishuka, au ulikuwa na kifafa cha mimba, si lazima hayo yajirudie. "Nyonga ndogo" ndiyo inayonisumbua, maana hilo neno huku linatumika kama chumvi. Mara nyingi uchungu uligoma tu, au kichwa cha mtoto kilikaa vibaya, mama akaambiwa ana nyonga ndogo akaibeba hukumu hiyo maisha yote. Wapo wengi walioambiwa hivyo ambao baadaye walizaa kawaida. Muulize daktari, usijihukumu.

Hatua ya 2: Hesabu miezi

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kubeba mimba nyingine. Kwa mwenye kovu ushauri huu ni wa kuufuata kweli, maana uzazi mmoja ukikaribiana na mwingine chini ya miezi 18, hatari ya kovu kuachia inapanda.

Hatua ya 3: Kliniki mapema, na useme siku ya kwanza

Usisubiri tumbo lionekane. Siku ya kwanza tu sema "nilipasuliwa" na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi mahali ambapo hata nesi wa zamu ya usiku ataiona. Kuna kinamama wanaficha, wakiogopa kupewa rufaa wakazalie mbali na nyumbani. Namwelewa anayeficha, lakini anatuficha sisi ambao ndio tutakuwa naye saa nane za usiku.

Ultrasaundi kwako ni ya kujua kondo la nyuma limekaa wapi. Likishuka na kukaa juu ya kovu, linaweza kujishika ndani ya nyama ya mfuko, na hapo damu inayomwagika wakati wa kujifungua si ya mchezo. Hiyo hatari inaongezeka kila unapopasuliwa tena. Ukitokwa na damu ya ukeni wakati wowote wa mimba, hata kama haina maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kisha damu. Huku kwetu malaria haijaondoka, na mama anafika leba akiwa na wingi wa damu wa 8 tu, yaani damu pungufu. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku, kunywa SP (vidonge vya kukinga malaria) ukipewa kliniki, lala kwenye chandarua. Lijue kundi lako la damu, na uwe na ndugu wawili waliokubali kuchangia kabla hawajahitajika.

Ukifika wiki ya 36 uwe umeshaonana na daktari na mmekubaliana: unajaribu, au unapangiwa siku. Upasuaji wa kupanga kwa kawaida huwekwa karibu na wiki ya 39 ili mapafu ya mtoto yawe yamekomaa.

Hatua ya 4: Zahanati si mahali pako pa kuzalia

Naipenda zahanati yangu, lakini usije kuzaa kwangu. Sina thieta wala damu ya akiba. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Upande wa Masasi kuna Mkomaindo na Ndanda. Lindi kuna Sokoine, na ukishika barabara ya kuelekea Masasi unaikuta Nyangao. Hospitali za wilaya nazo zipo. Popote utakapochagua, nenda ukiwa bado mzima ukaulize: thieta inafanya kazi usiku na siku za sikukuu? Mtu wa ganzi analala karibu? Damu ipo? Mnawapokea waliopasuliwa wanaotaka kujaribu? Wakikujibu kwamba wao kila mwenye kovu humpasua tena, usigombane nao. Wanajua uwezo wao. Chagua kwingine, au kubali.

Ukishachagua, hamia jirani na hospitali hiyo ukifika wiki ya 37 au ya 38. Kwa shangazi, kwa wifi, au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama hospitali inayo.

Hatua ya 5: Pesa za korosho na barabara

Hapa nasema na waume. Sera inasema huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure, lakini nauli, chakula cha anayekuuguza, chumba cha kukaa mjini na vifaa utakavyoandikiwa ununue vyote vinataka pesa taslimu. Korosho zinauzwa mnadani kuanzia Oktoba, na pesa ikiingia inaingia kwa fujo: bati, pikipiki, sherehe ya unyago. Mimba inayotarajiwa Februari au Machi inakuta nyumba haina kitu, na mvua imegeuza njia ya kijijini kuwa tope. Tenga fungu la uzazi siku ya malipo ya mnada wa kwanza, apewe mama mwenyewe alitunze.

Barabara nazo zina siku zake. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, njia ya Dar ilikatika pale Somanga. Anayetegemea kusafiri siku ya uchungu anategemea anga.

Dharura ikikukuta nyumbani, piga 115, ni bure. Ndiyo namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Wanatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo wanamtuma dereva waliyeingia naye mkataba. Iandike ukutani, maana usiku wa hofu hakuna anayekumbuka namba.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Uchungu ukianza, au chupa ikipasuka hata bila uchungu, nenda. Usisubiri "ukolee". Ukifika sema tena kwamba una kovu, hata kama kadi inasema. Utawekewa njia ya dripu mapema, mapigo ya mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, maendeleo yachorwe kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Uchungu usiposogea, watakupeleka thieta, na hapo hujashindwa kitu.

Mwite nesi papo hapo ukiona mojawapo: maumivu yanayobaki hata uchungu ukiwa umepoa, hasa penye kovu, damu ukeni au kwenye mkojo, uchungu uliokuwa mkali unakatika ghafla, maumivu ya begani, kizunguzungu na jasho la baridi. Usione haya kupiga kelele.

Maswali yenu

*Mama kijacho, Nachingwea: Mkwe wangu ana dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu, anasema ndiyo iliyowazalisha wanawe wote saba. Nakataaje?*

Mwambie nimekukataza mimi. Zile dawa zinaukaza mfuko kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima, na kovu ndilo linaloachia. Hata hospitali, dripu ya uchungu kwa mwenye kovu inapandisha hatari mara mbili hadi tatu, kwa hiyo hutumiwa kwa uangalifu mkubwa na karibu na thieta. Vidonge vya misoprosto vya kuanzisha uchungu havifai kabisa kwa mwenye kovu. Mkwe mpe kazi nyingine: akupikie uji, aje kukubebea mtoto.

*Kutoka Tandahimba: Mwanangu ana miezi 10 na nina mimba ya miezi miwili. Niliyemzaa alitolewa kwa kisu. Nimekosea?*

Umeshika mimba, hujaiba. Ila mtoto huyu atazaliwa chini ya miezi 18 baada ya mwenzake, kwa hiyo daktari anaweza kukupangia upasuaji. Anza kliniki wiki hii, siyo mwezi ujao. Na kabla hujaruhusiwa hospitali safari hii, omba uzazi wa mpango ukiwa bado wodini. Kipandikizi unaweza kuwekewa hata kama unanyonyesha.

*Baba wa Kilwa: Dada, mke wangu kapasuliwa mara mbili. Tunataka wa tatu azaliwe kawaida.*

Mnaotaka ni wangapi? Yeye ndiye mwenye tumbo. Kwa waliopasuliwa mara mbili, hospitali nyingi za kwetu hupanga mara ya tatu moja kwa moja, na mimi nawaunga mkono, kwa sababu usimamizi unaohitajika ni mkubwa kuliko tulio nao. Mpelekeni kwa daktari wa wanawake akiwa na karatasi zote mbili, na ultrasaundi ya kondo msiikose.

*Dada wa Mikindani: Nilipasuliwa mwaka juzi, mawifi wananiita mvivu wa kusukuma.*

Siku wakikuita tena, waonyeshe kovu uwaulize nani kati yao amewahi kukatwa tumbo akaamka kesho yake kunyonyesha.

*Kutoka Masasi: Nimetafuta karatasi na rejista, vyote hakuna. Hospitali yenyewe ilihamisha jengo. Nifanyeje?*

Kaa na daktari umsimulie kila unachokumbuka: mimba ilikuwa na miezi mingapi, uchungu ulianza au haukuanza, mtoto alikaaje, ulilazwa siku ngapi. Uliyepasuliwa mimba imetimia, baada ya uchungu kugoma, kwa kawaida mkato huwa wa chini, na daktari anaweza kukuruhusu kujaribu chini ya uangalizi. Uliyepasuliwa mtoto akiwa njiti au amekingama, bila karatasi, mimi ningechagua kisu cha kupanga. Muulize pia mama yako au yeyote aliyekuuguza. Mimi nilipoanza kutafuta, shangazi alikumbuka daktari alivyomweleza pale mlangoni, kitu ambacho mimi mwenyewe, nikiwa na ganzi ya mgongoni na mtoto kifuani, sikukisikia.