Kulala Hoteli ya Bei Nafuu Orvieto, Mji wa Juu ya Mwamba: Mwongozo Kutoka Mapokezi

Nimesimama nyuma ya meza ya mapokezi katika hoteli ndogo za mkoa wa Umbria, katikati ya Italia, kwa muda wa kutosha kuyajua maswali ya wageni wanaotoka kwetu Afrika Mashariki kabla hawajafungua mdomo. Bei wameshaiona. Picha wameshazikuza kwenye simu. Wanachosahau kuuliza ni hiki: gari linaishia wapi, na kutoka hapo hadi kitandani kuna ngazi ngapi? Katika mji wa mlimani, jibu la swali hilo lina uzito kuliko nyota zilizobandikwa mlangoni.

Natumia Orvieto kama mfano kwa sababu uko kwenye reli kati ya Roma na Firenze, na unafikika bila kukodi gari. Mengi ya haya yatakufaa hata ukienda Assisi, Todi au Cortona.

Hatua ya 1: Hakikisha hoteli iko juu

Orvieto ni miwili. Mji wa kale umekaa juu ya mwamba wa tufo, jiwe laini la volkano, wenye magenge pande zote, kiasi cha mita 325 juu ya usawa wa bahari. Chini, kwenye stesheni ya treni, kuna Orvieto Scalo: mitaa ya kisasa, maduka, barabara kuu. Mitandao ya kuweka nafasi huandika "Orvieto" kwa yote miwili, na bei ya chini inayokuvutia mara nyingi ni ya Scalo.

Fungua ramani kabla hujalipa. Tafuta viwanja vya Piazza Cahen na Piazza Duomo, na mtaa wa Corso Cavour. Hoteli ikiwa karibu na mojawapo, uko juu. Scalo ina faida zake, hasa kama una treni ya alfajiri au magoti yanakusumbua, lakini ukilala huko utakosa kilichokuleta. Watalii wengi huja Orvieto asubuhi na kuondoka jioni. Aliyelala juu anabaki na mji wenyewe.

Hatua ya 2: Soma tangazo mstari kwa mstari

Nyota za hoteli Italia ni 1 hadi 5, na hutolewa kwa taratibu za kila mkoa. Zinapima vifaa na huduma: saa za mapokezi, bafu la ndani, lifti, idadi ya vyumba vyenye hiki au kile. Usafi na tabia ya mwenye hoteli hazimo kwenye hesabu hiyo. Nimeona nyota mbili za kifamilia zinazong'aa kuliko nyota nne, na kwa safari kama hii mimi hupendekeza mbili au tatu bila kusita.

Maneno ya kuangalia ni machache. *Matrimoniale* ni chumba chenye kitanda kimoja kikubwa. *Doppia* kwa kawaida ni vitanda viwili. *Bagno in comune* ni bafu la kushirikiana na vyumba vingine, na mara nyingi ndiyo siri ya bei ndogo. *Ascensore* ni lifti. Neno hilo lisipoonekana, chukulia kwamba hakuna: majengo ya karne nyingi zilizopita hayakuachiwa nafasi ya lifti, na sheria za kulinda majengo ya kale hufanya kazi ya kuiongeza iwe ngumu. Hata ikiwepo, huenda ikaingia mtu mmoja na sanduku lake, mwenzako akasubiri.

Angalia pia kama tangazo lina namba ya CIN. Hii ni namba ya utambulisho ya kitaifa ambayo sasa malazi ya watalii Italia yanatakiwa kuionyesha. Tangazo lisilo nayo, hasa la nyumba ya mtu binafsi, liache.

Kisha waandikie hoteli wenyewe, kwa Kiingereza rahisi, maswali manne: chumba kiko ghorofa ya ngapi, kuna lifti, mapokezi yanafungwa saa ngapi, na dirisha linatazama uwanjani au ua wa ndani. Hilo la mwisho linawahusu wenye usingizi mwepesi. Upande wa uwanja utapata mandhari pamoja na makelele ya viti vya mikahawa; upande wa ua utapata ukuta na usingizi.

Kwa wanaokuja kuhiji, zipo pia nyumba za watawa zinazopokea wageni. Ni safi, tulivu, na nyingi zina saa ya kufunga geti usiku. Uliza saa hiyo kabla, kwa maana sista hatakungoja.

Hatua ya 3: Tarehe na viza

Miji hii midogo hujaa ghafla. Orvieto hujaa mwezi Juni, au mwishoni mwa Mei baadhi ya miaka, wakati wa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na tena mwisho wa Desemba kwa tamasha la Umbria Jazz Winter. Nje ya siku hizo, Machi na Novemba ni miezi mizuri ya bei, ukivumilia ukungu na baridi.

Kama unaomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo, uthibitisho wa malazi ni sehemu ya maombi, sawa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Chagua bei inayoruhusu kughairi bila malipo, na hakikisha jina kwenye nafasi limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote. Anayeitwa Mwanaidi Juma Salim kwenye pasipoti asijiandikishe "Mwana Salim".

Hatua ya 4: Panda

Kutoka stesheni ya Roma Termini, treni ya kawaida ya mkoa huchukua saa moja na robo au zaidi kidogo. Zile za kasi kubwa kwa kawaida hazisimami hapa, kwa hiyo usizilipie. Ukinunua tiketi ya karatasi, ipige mhuri kwenye mashine ndogo iliyopo stesheni kabla ya kupanda. Ya kwenye simu nayo inataka kuthibitishwa kupitia kiungo ulichotumiwa. Ukisahau, faini ni yako, hata kama tiketi umeilipia.

Ukitoka stesheni, mbele yako kuna *funicolare*, behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma juu ya reli hadi Piazza Cahen. Ilifunguliwa mwaka 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji: behewa la juu lilijazwa maji, likashuka, likamvuta mwenzake wa chini. Ya leo inatumia umeme na ilianza kazi mwaka 1990. Safari ni dakika chache tu. Juu utakuta basi dogo la kwenda Piazza Duomo, au utembee Corso Cavour, kama robo saa hadi katikati ya mji.

Jambo la kushika: funikulari haiendi usiku kucha. Husimama jioni, na ratiba hubadilika kwa msimu. Treni yako ikifika baada ya hapo, utategemea basi au teksi, na teksi katika mji kama huu ni chache. Waombe hoteli wakuitie mapema. Kumbuka pia kwamba saa zote zimeandikwa kwa mtindo wa 24. 19:30 ni saa moja na nusu usiku.

Kuhusu mzigo: barabara ni za mawe. Magurudumu madogo ya sanduku kubwa hukwama na kuvunjika. Begi la mgongoni, au sanduku unaloweza kulinyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja hadi ghorofa ya tatu, ndicho kipimo changu. Ukishindwa kulinyanyua nyumbani, punguza nguo.

Kwa wenye gari: mitaa mingi ya ndani ni eneo la ZTL, ambako magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, na kamera hupiga picha namba. Faini itakufuata kupitia kampuni uliyokodi gari. Acha gari kwenye maegesho ya Campo della Fiera, chini ya mwamba, kisha panda juu kwa lifti na ngazi za umeme. Kama hoteli inaweza kukusajilia kibali cha kushusha mzigo, iulize kabla hujafika.

Hatua ya 5: Mapokezi

Salamu kwanza. *Buongiorno* mchana, *buonasera* kuanzia alasiri. Kwa hili Waitaliano na Waswahili ni ndugu: anayeanza na shida yake kabla ya salamu huhudumiwa kwa ubaridi.

Utaombwa pasipoti. Usishtuke. Sheria inamtaka mwenye hoteli awatumie polisi taarifa za kila mgeni ndani ya saa 24, awe Mtanzania au Mwitaliano. Kwa baadhi yetu jambo hili lina manufaa makubwa. Ukiingia Italia moja kwa moja kutoka nje ya Schengen, kwa mfano kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, mpaka wa Italia wenyewe umeshakuandikisha. Lakini ukipitia Amsterdam au Brussels, umeingilia Schengen kule, na Italia inakutaka utoe taarifa ya kuwepo kwako ndani ya siku 8. Usajili wa hoteli unahesabika kuwa taarifa hiyo. Omba nakala, uitunze pamoja na pasipoti.

Utaambiwa pia kuhusu *imposta di soggiorno*, kodi ya malazi ya manispaa. Hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni. Hujaibiwa. Hoteli nyingine hutaka ilipwe taslimu, basi uwe na sarafu.

Mwisho, uliza utaingiaje usiku. Hoteli ndogo nyingi hazina mtu wa zamu ya usiku. Utapewa ufunguo wa mlango wa nje au namba za kubonyeza. Jaribu ufunguo huo mchana, mwenye hoteli akiwa bado yupo.

Hatua ya 6: Chumbani

Soketi za Italia zina matundu matatu madogo kwenye mstari mmoja au matundu mawili ya mviringo. Plagi yetu ya pini tatu za bapa haiingii. Nunua adapta kabla ya safari. Umeme ni volti 230, hivyo chaja zako hazina tatizo.

Bafuni, bomba lililoandikwa C ni la maji ya moto, *calda*, na F ni ya baridi, *fredda*. Aliyezoea Kiingereza huungua. Kamba inayoning'inia karibu na bafu ni ya dharura, usiivute ukidhani ni taa. Na pembeni ya choo kuna bideti, sinki fupi la kujisafishia. Kwa sisi tunaotaka maji chooni, hii ni neema ambayo hoteli nyingi za Ulaya hazina. Tangu mwaka 1975 kanuni za ujenzi Italia zinataka bideti katika kila nyumba ya makazi, na hoteli nyingi nazo zinayo.

Kuta ni nene, za mawe. Chumba hubaki na ubaridi mchana wa Julai, lakini intaneti hufa ukifunga mlango. Kaa karibu na korido kama una simu ya muhimu.

Hatua ya 7: Kula

Kiamshakinywa cha hoteli ndogo ni kitamu kwa maana ya sukari: kahawa, *cornetto* (mkate mtamu wa umbo la pembe), mkate mkavu, jamu, pengine mtindi. Anayetaka mayai na viazi aulize, ila asitarajie. Kahawa ya baa ni nafuu ukinywa umesimama kaunta. Ukikaa mezani, hasa mbele ya kanisa kuu, bei hupanda.

Maduka mengi hufunga baada ya saa saba mchana na kurudi alasiri. Jiko la mgahawa hulala pia, hadi 19:30 hivi. Kwenye bili utaona *coperto*, ada ya meza kwa kila mtu. Tambi za hapa huitwa *umbrichelli*, nene, za kukanda kwa mkono. Waislamu wawe macho: *cinghiale* ni nguruwe mwitu, na *guanciale*, nyama ya shavu la nguruwe, hujificha ndani ya mchuzi ambao jina lake halisemi hivyo. Sema *senza maiale*, bila nguruwe, kisha ongeza swali kuhusu mchuzi.

Hatua ya 8: Tumia saa ulizolipia

Hapa ndipo kulala juu kunapolipa. Nenda Duomo, kanisa kuu la mji, mara mbili. Jioni ukatazame uso wake: jua la magharibi huupiga moja kwa moja na dhahabu ya mozaiki huwaka. Asubuhi, inapofunguliwa, ingia ndani kabla ya mabasi. Ujenzi ulianza mwaka 1290. Kuta ni za mistari ya mawe meusi na meupe. Upande wa kulia wa altare ni kikanisa cha San Brizio, ambako Luca Signorelli alichora siku ya mwisho kati ya 1499 na 1504, miili ikijinasua kutoka ardhini. Upande wa kushoto kinatunzwa kitambaa cha altare ambacho mapokeo yanakihusisha na muujiza wa Bolsena wa mwaka 1263, hostia iliyotoka damu wakati wa Misa. Mwaka uliofuata Papa Urbano IV, aliyekuwa akikaa Orvieto, aliitangaza Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa zima. Parokia za Moshi na Machakos zinapoandamana na Ekaristi barabarani, zinaadhimisha sikukuu iliyotangazwa kutoka mji huu.

Karibu na kituo cha funikulari kuna Pozzo di San Patrizio, kisima kilichoagizwa na Papa Klementi VII aliyekimbilia hapa baada ya Roma kuporwa mwaka 1527. Aliogopa kuzingirwa bila maji. Antonio da Sangallo alichora ngazi mbili za mzunguko zisizokutana, nyumbu wa kubeba mizigo washuke kwa moja na kupanda kwa nyingine wakiwa na mitungi. Ni vidato 248 kushuka, na vingine 248 kupanda. Kifanye siku ya kati, kamwe usikiwekee asubuhi ya kuondoka ukiwa na begi.

Hatua ya 9: Kushuka

Lipa kodi na vitu vingine usiku uliotangulia, kwa sababu asubuhi aliyepo mapokezi ndiye huyo huyo anayetengeneza kahawa. Saa ya kuachia chumba ikifika, acha begi mapokezi. Hoteli nyingi hukubali bila malipo. Hesabu nusu saa kutoka mlangoni hadi stesheni, na dakika nyingine kumi kama ni Jumapili, ambapo mabasi na funikulari hupungua. Ukifika chini, mhuri wa tiketi.