Jinsi ya kueneza metadata na kanuni za ubora kiotomatiki kwenye katalogi ya data za uvuvi

Anayetunza data za uvuvi wa Ziwa Victoria jijini Mwanza huzipokea kutoka kila upande: fomu za simu janja zinazojazwa na wakusanya takwimu kwenye mialo (sehemu ambako boti hutua na samaki) kama Kirumba, Igombe na Kayenze, majedwali ya Excel ya halmashauri, hifadhidata ya leseni za vyombo, taarifa za mizani kutoka viwanda vya minofu ya sangara, na madaftari ya BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo) ambayo huingizwa kwenye kompyuta baadaye. Zikishaorodheshwa kwenye katalogi, yaani orodha ya majedwali yote pamoja na metadata (maelezo kuhusu data), iwe OpenMetadata, DataHub, CKAN au mfumo uliotengenezwa na ofisi yenyewe, mtumiaji huuliza mambo mawili: safuwima hii ina maana gani, na je, naweza kuitegemea? Majedwali yakiwa kumi, maswali hayo yanajibika kwa mkono. Yakiwa mia tatu, maelezo huchakaa kabla mwandishi hajafika nusu ya kazi.

Njia ninayoishauri ni kuacha kabisa kuandika kanuni za ubora, yaani masharti ambayo thamani zinapaswa kuyatimiza, kwa kila jedwali. Kanuni ifungwe kwenye maana ya safuwima, maana hiyo ibebwe na lebo, na lebo ibandikwe na programu popote safuwima ya aina hiyo inapojitokeza. Kwa mpangilio huo, kanuni ya latitudo huandikwa mara moja na kulinda kila jedwali lenye latitudo, likiwemo lile litakaloletwa mwezi ujao na halmashauri ambayo leo haimo kwenye katalogi.

Mashine isome inachoweza kusoma

Sehemu hii ni nyepesi na haistahili kuchukua muda wenu mwingi. Majina ya majedwali, aina za safuwima na mahusiano yake vinapatikana moja kwa moja kwenye hifadhidata. PostgreSQL, kwa mfano, huvitoa kupitia information_schema (sehemu yake ya ndani inayoorodhesha majedwali na safuwima), na katalogi nyingi zina viunganishi vinavyovisoma vyenyewe kila usiku. Majedwali ya Excel yawekwe kwenye folda moja yenye utaratibu unaojulikana, ili hati fupi ya Python iweze kusoma safumlalo ya kwanza na kupeleka majina kwenye katalogi. Pamoja na hayo, programu ihesabu idadi ya rekodi, nafasi zilizo tupu, thamani ndogo na kubwa kabisa, na tarehe ya mwisho ya mabadiliko. Takwimu hizi za wasifu ndizo zitakazotumika baadaye kubandika lebo.

Maana huandikwa na mtu

Hakuna programu inayoweza kujua kwamba safuwima yenye jina «uzito» kwenye taarifa ya kiwanda ni uzito wa sangara aliyekwisha kutolewa matumbo, ilhali «uzito» wa kwenye fomu ya mwaloni ni wa samaki mzima. Jambo hilo linajulikana na mtu aliyesimama karibu na mizani, na ni lazima aliandike. Kwa hiyo, kabla ya kanuni yoyote, tengenezeni kamusi fupi ya istilahi ndani ya katalogi: mwalo, spishi, uzito wa samaki mzima, uzito baada ya kutolewa matumbo, urefu, muda wa kutua, latitudo, longitudo, mkoa, nambari ya simu, nambari ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa). Kila istilahi iwe na fasili ya sentensi moja au mbili, kipimo chake, orodha ya thamani zinazokubalika pale inapohitajika, kiwango cha usiri, na cheo cha anayewajibika nayo.

Kipimo kipewe uzito wa pekee kwenye dagaa. Wanauzwa kwa ndoo, kwa debe na kwa gunia, wabichi au wakavu, na kilo moja ya wakavu hailingani hata kidogo na kilo moja ya wabichi. Kamusi itenganishe hali hizo kama istilahi mbili zinazojitegemea, na programu isiruhusiwe kubuni kigezo cha kubadilisha ndoo kuwa kilo pale ambapo mkusanyaji hakuandika. Kwa upande wa spishi, weka jina la Kiswahili pamoja na la kisayansi: sangara na Lates niloticus, dagaa na Rastrineobola argentea, sato na Oreochromis niloticus. Furu ni kundi la spishi nyingi. Wabaki wameandikwa kama kundi, kwa sababu kuwalazimishia jina moja la kisayansi ni kuongeza taarifa ambayo mwaloni haikuwepo.

Lebo zibandikwe kwa ushahidi wa aina mbili

Programu inayobandika lebo kwa kutazama jina la safuwima peke yake hukosea mara kwa mara, kwani «no» inaweza kuwa nambari ya simu, ya boti au ya safumlalo. Itazame jina na yaliyomo kwa pamoja. Vyote viwili vikikubaliana, lebo ibandikwe moja kwa moja. Kimoja tu kikikubali, iwe pendekezo linalosubiri idhini ya mwenye data. Nambari ya simu ya Tanzania, kwa mfano, huanza na 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa, au huanza na 06 au 07 na kuwa na tarakimu kumi kwa jumla. Nambari ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Taarifa binafsi ndizo pekee ambazo ningetaka mashine izichukulie hatua bila kungoja idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, simu na nambari za utambulisho za wavuvi na wamiliki wa vyombo zinaguswa nayo. Safuwima ikishukiwa tu kuwa na taarifa hizo, ifichwe kwanza kwa watumiaji wa kawaida, kisha mwenye data aamue kama kuna sababu halali ya kuifungua.

Kanuni zinazolijua Ziwa

Kanuni yenyewe ikae kwenye faili la maandishi, nje ya majedwali, ndani ya Git (programu inayotunza kumbukumbu ya mabadiliko ya mafaili), ili kila badiliko lake lionekane na lisomwe na ofisa wa uvuvi kabla ya kuanza kufanya kazi. Mfano:

lebo: latitudo_ya_mwalo
sharti: thamani iwe kati ya -3.1 na -0.9
ikivunjwa: tenga
ujumbe: Angalia alama ya kutoa. Mialo ya upande wa Tanzania iko kusini mwa ikweta.
mwenye_kanuni: msimamizi wa data za mialo

Sharti hilo linaonekana dogo, lakini linazuia kosa ambalo haliumizi macho. Jiji la Mwanza liko karibu na latitudo -2.5 na longitudo 32.9. Alama ya kutoa ikidondoka wakati wa kunakili, mwalo huruka ikweta na kutua karibu na Lira, kaskazini mwa Uganda, huku nambari zake zikiwa zinaonekana sawasawa kwenye jedwali.

Muda unahitaji uangalifu zaidi. Mkusanyaji anayeambiwa kwamba boti ilitua saa moja asubuhi anaweza kuandika 01:00 badala ya 07:00, na aliyeambiwa saa kumi na mbili alfajiri akaandika 12:00. Kanuni inayokagua rekodi mojamoja haitalibaini kosa hilo, kwa kuwa 01:00 ni saa halali. Ikaguliwe kwa kila mkusanyaji au kila simu: pale ambapo tofauti kati ya muda ulioandikwa na muda ambao simu yenyewe iliuhifadhi inakaribia saa sita mfululizo kwenye kundi zima la rekodi, kundi hilo litengwe lote na mkusanyaji aulizwe anatumia saa ipi. Usiruhusu mashine isogeze saa yenyewe. Hakikisha pia metadata inasema kama seva inahifadhi muda wa UTC (saa rejea ya kimataifa), maana Mwanza iko saa tatu mbele yake, na makosa mawili ya saa tatu na saa sita yakichanganyika hayafumbuliki tena.

Kanuni ya ukamilifu ndiyo inayofundisha kwamba mifano ya jumla haitoshi. Zana nyingi za ubora, Great Expectations na Soda zikiwemo, zinaweza kutoa tahadhari idadi ya rekodi inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Lakini wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapotanda, mavuno hupungua na kambi nyingi hupumzika. Kanuni inayolinganisha leo na wastani wa siku saba zilizopita italia kila mwezi bila sababu, na baada ya muda hakuna atakayeisikiliza. Linganisha siku ya leo na siku zenye umri uleule wa mwezi katika mizunguko iliyopita, kwa kutumia mzunguko wa takriban siku 29.5, ambao programu inaweza kuukokotoa bila kumtegemea mtu. Jedwali la sangara lisifungwe kwenye kanuni hiyo. Ndiyo sababu ukamilifu nao ufuate lebo ya spishi.

Orodha za maeneo ziwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha kutumika. Mikoa ya Geita na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na Chato ilikuwa Mkoa wa Kagera. Rekodi ya mwaka 2009 inayoiweka Geita ndani ya Mwanza ni sahihi kabisa, na mtu akiijumlisha pamoja na za miaka ya karibuni bila kujua mpaka huo, ataona mavuno ya Mwanza yakiporomoka na kuwasingizia samaki. Kanuni ipime mkoa, wilaya na tarehe kwa pamoja.

Nambari ya NIDA nayo ina ugonjwa wake. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba kwa usahihi, hivyo nambari ya tarakimu 20 iliyoingizwa kama namba badala ya maandishi huishia na sifuri tano. Urefu wake ni sahihi, mwanzo wake ni sahihi, na bado si ya mtu yeyote. Nambari zenye mwisho huo zikijaa kwenye faili moja, faili zima lirudishwe kwa aliyelituma, maana tarakimu zilizopotea hazipo tena humo.

Naomba jambo moja lizingatiwe kwa uzito wote: kanuni ya ubora isigeuzwe kuwa askari wa sheria. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, lakini akipimwa mwaloni na kuandikwa sentimita 38, rekodi hiyo ni ya kweli na ni ushahidi muhimu kwa watafiti. Kanuni inayoikataa kwa kuwa urefu uko nje ya kiwango cha sheria inalifanya Ziwa lionekane salama kuliko lilivyo. Kikomo cha ubora kiwekwe kwa maumbile ya samaki na kipimo kilichotumika: sangara wa «sentimita 620» bila shaka alipimwa kwa milimita.

Kanuni ikivunjwa

Ngazi tatu zinatosha: kuonya, kutenga na kuzuia. Kuzuia kubaki kwa mambo machache yanayoharibu jedwali zima, kama safuwima iliyotoweka au faili lililotumwa mara mbili. Rekodi zenye mashaka zitengwe kwenye jedwali lake, na nyingine ziendelee na safari. Matokeo yarudi kwenye ukurasa wa jedwali ndani ya katalogi, na kama katalogi inafuatilia nasaba ya data (jedwali lipi limetokana na lipi), alama ya onyo ifike hadi kwenye ripoti zote zinazolitegemea jedwali hilo. Siungi mkono alama moja ya asilimia kwa kila jedwali, kwa sababu asilimia 96 haimwambii mtafiti kama zile nne zilizokosekana ni latitudo au ni jina la mpokeaji wa fomu.

Umeme ukikatika au intaneti ikipotea usiku, kanuni ambazo hazikuendeshwa zisiendelee kuonyesha kijani cha jana. Ziandikwe «haijapimwa» pamoja na tarehe ya mwisho ya kupimwa. Ujumbe uelekezwe kwa cheo, usiwe kwa jina la mtu, kwa kuwa watumishi huhamishwa na anwani zao hubaki kwenye mfumo zikipokea tahadhari ambazo hakuna anayezisoma.

Rekodi zilizotengwa zirudishwe mwaloni ndani ya wiki ileile, wakati daftari la karatasi bado lipo na aliyepima bado anaikumbuka boti. Marekebisho yaingizwe kama toleo jipya la rekodi, yakionyesha cheo cha aliyerekebisha na sababu yake, na thamani ya awali iendelee kusomeka.