Jinsi ya kumfinyanga Anubis kwa udongo ukiwa hapa Mwanza

Wadau, kila nikiposti yule mbweha wangu mweusi watu wanauliza nimemtoaje, alafu wengine wanaogopa wanasema ni shetani, hapana jamani. Anubis ni mungu wa Wamisri wa kale, walimchora kama mbweha aliyelala au mtu mwenye kichwa cha mbweha, wenyewe walimwita Inpu, kazi yake kulinda makaburi na kusimamia maiti ikitengenezwa isioze. Inavyoaminika mbweha walikuwa wanafukua makaburi ya kina kifupi kule pembeni ya jangwa, bas watu wakaamua yule yule anayefukua ndo akabidhiwe ulinzi.

Anza na yule aliyelala, yule mwenye mwili wa mtu atakusumbua miguu. Ingia gugo uangalie wa kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lile alilolipata mtafiti Mwingereza Howard Carter mwaka 1922, amelala juu ya kasha lenye dhahabu, miguu ya mbele imenyooka, mkia unaning'inia nyuma, masikio yamesimama anasikiliza.

Udongo usichote pale ziwa linapopiga, umejaa mchanga na kukanyaga yale maji ya pembeni ni kujitafutia kichocho. Nenda bondeni utafute wa mfinyanzi, usokote kama kamba uuzungushie kidoleni, usipokatika ndo wenyewe. Loweka usiku kucha, toa mawe na mizizi, uache ukaze kama ugali, alafu twanga vigae vya chungu kilichovunjika uchanganye kopo 1 kwa makopo 5 ya udongo, bila hivyo utapasuka.

Mwili ufanye kama kiazi kitamu kirefu, uchimbe ndani kwa kijiko ubaki unene wa kidole maana ukiwa umejaa unalipuka motoni. Shingo ndo inaumiza watu. Wa kwanza wangu nilimbandika shingo kwa kulowesha maji tu nikalainisha, siku ya tatu nakuta kichwa kiko chini na sikio limevunjika, niliumia sana kwa kweli. Chora mistari pande zote mbili kwa kijiti cha mshikaki, paka uji mzito wa udongo, gandamiza uhesabu mpaka 30. Masikio yawe marefu na yamechongoka, marefu kuliko unavyodhani inatosha, ukiyafupisha unapata mbwa wa kawaida. Mkaushe kivulini wiki nzima, masikio yafunike kitambaa kibichi yasitangulie kukauka.

Kuchoma tumia kuni na nyasi kavu kama wanavyochoma vyungu, akiwa bado mwekundu wa moto mwagia pumba za mpunga nyingi umzibe kabisa asipate hewa, moshi unamwingia ndani na kesho yake anatoka mweusi tii bila rangi yoyote. Na huo weusi usiuache, ndo maana yake yote ipo hapo, mbweha wa kweli sio mweusi hivyo, ni rangi ya maiti iliyokwisha kupakwa dawa na pia ni rangi ya tope la Nile linaloleta chakula, yaani kifo na kurudi kuwa hai kwa pamoja.

Rangi ya dhahabu weka ndani ya masikio, kuzunguka macho na shingoni, basi. Yule wa Tutankhamun alikutwa amevalishwa kitambaa cha kitani, mimi namfunga kipande cha marekani nyeupe.

Mahali pa kumweka, Wamisri walimwita pia aliye juu ya mlima wake, na sisi mawe tunayo kila uwanja. Wangu yuko juu ya jiwe nyuma ya jiko anaangalia ziwa, maji haya haya yanayotokea Jinja kule Uganda yakaingia Nile mpaka kwao. Mvua ikianza muingize ndani, udongo wa kuchoma kienyeji unanyonya maji na anaanza kumenyeka masikioni.