Jinsi ya kumfikisha mchumi mwanamke mezani kabla bajeti haijaiva

Ndugu zangu mnaofanya kazi za sera hapa Dar, hii naandika kwa ajili yenu, wa mashirika, wa vyuoni, wa halmashauri, na wewe dada uliyesoma uchumi ukaishia kuandika ripoti usizojua nani anazisoma. Kila mwaka ikifika Juni simu zinaanza, "jamani tunaomba mchumi mwanamke wa paneli ya bajeti, tumekosa mwanamke", na mi huwa nauliza swali moja tu, anakuja kufanya nini? Maana Juni bajeti imeshaiva, kilichobaki ni kupakua.

Kwahiyo anza na kalenda, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo watu wengi wanapopotelea. Mwaka wa fedha wetu unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Ile hotuba kubwa ya katikati ya Juni kule Dodoma ndo kila mtu anaiangalia, ila kazi yenyewe inaanza mbali sana, kwenye Oktoba na Novemba hivi, pale unapoandaliwa mwongozo wa mpango na bajeti na ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu ambacho kila taasisi itaruhusiwa kutumia, unaanza kupangwa, na miezi hiyohiyo kuelekea mwisho wa mwaka Wizara ya Fedha inaita wadau wapeleke mapendekezo ya kodi. Baada ya hapo halmashauri zinapitisha makadirio yao kwenye mabaraza ya madiwani, Aprili Bunge la bajeti linaanza, Juni unasomwa Muswada wa Sheria ya Fedha na Kamati ya Bajeti inasikiliza wadau siku chache tu. Sasa ukimleta dada yetu Juni unamleta kwenye mlango unaofungwa.

Mfano ambao hakuna mtu wa Dar aliyeusahau ni tozo ya miamala ya simu. Hotuba ilisomwa Juni 10, 2021, mwaka mpya wa fedha ukaanza Julai 1, yaani siku 20 tu katikati, na Julai 15 tozo ikaanza kukatwa, muamala mkubwa ulikuwa unakatwa mpaka shilingi 10,000. Watu walilalamika sana, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, 2022 ikapunguzwa tena. Mi naamini kabisa kama mwezi wa kumi na moja mwaka wa nyuma yake kungekuwa na mtu mezani aliyewahi kukaa na daftari la mama lishe, ule mjadala ungefanyika kabla, sio baada.

Nasema daftari kwasababu nimeliona. Kuna mama mmoja anapika Mabibo karibu na soko la ndizi, nilienda naye dada mmoja mchumi, tukakaa kwenye benchi mpaka wateja wa mchana wakaisha, ndo mama akatoa daftari lake la mstari limelowa mafuta pembeni. Ameandika kila kitu, mchele, nyanya, mkaa wa kisado, hela ya maji, na pembeni kabisa kaandika "simu" na namba ndogondogo, mia tatu, mia nne, mia sita. Dada akamuuliza mama hii simu ni vocha? Akasema hapana mwanangu, hii ni ya kutoa, mteja ananitumia 2,500 ya wali samaki, muuza samaki wa Feri anataka keshi, nikienda kutoa ndo naandika hapo. Dada akajumlisha wiki nzima pale pale kwenye simu yake, akarudia mara mbili, akamuonyesha mama. Mama akanyamaza kidogo akasema kumbe ndo inapoishia hela ya mkaa. Haya, hiyo mistari miwili ya daftari ina nguvu kuliko kurasa 40 za "ujumuishi wa kifedha" na huipati ukiwa umekaa hotelini Posta.

Kwahiyo hatua ya pili ni hiyo, mchumi asiingie mezani mikono mitupu na wala asiingie na hisia tu. Hisia tunazo wote. Aingie na namba moja aliyoihesabu mwenyewe na sentensi moja ya sheria anayotaka ibadilike. Namba moja, sentensi moja, narudia, kwasababu wakubwa wanasoma ukurasa wa kwanza na wanaulizana "sasa tubadilishe nini wapi".

Taulo za kike zitufundishe hapa. Bajeti ya 2018/19 serikali iliondoa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 kwenye taulo za kike, tukashangilia sana, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Mwaka mmoja baadae, bajeti ya 2019/20, kodi ikarudishwa, sababu iliyotolewa ni kwamba bei haikushuka madukani, mnufaika amekuwa mfanyabiashara sio msichana. Iliuma jamani. Lakini ukikaa chini kama mchumi unaona mambo mawili. La kwanza ni la kitaalamu, kusamehe VAT sio sawa na kuiweka asilimia sifuri. Bidhaa ikisamehewa, mtengenezaji anaendelea kulipa VAT kwenye pamba, plastiki, mashine na usafiri wake ila hawezi kuidai irudishwe, kwahiyo gharama inabaki ndani ya bei. Ikiwekwa sifuri anaidai. Neno moja tu kwenye jedwali la sheria linabadilisha kila kitu, na ndo maana tunataka mtu anayelijua hilo neno awepo wakati linaandikwa. La pili ni ushahidi, wangapi kati yetu tulizunguka kuandika bei kabla na baada? Ingetosha watu sita, maduka matano matano, Kariakoo, Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto, kila Jumamosi kuanzia Mei mpaka Desemba, bei ya pakiti ileile. Serikali ikisema bei haijashuka unajibu imeshuka hapa na hapa, haijashuka kule, na tatizo liko kwa msambazaji fulani wa kati. Hiyo kazi haihitaji ufadhili, inahitaji daftari na nauli. Mkiwa na grupu la WhatsApp la wachumi wanawake acheni kutumiana picha za semina tu, pangeni zamu za kuandika bei.

Alafu suala la kuwapata. Watu wanasema "hawapo", na hii inanikera kwa dhati maana sio kweli. Zakia Meghji aliongoza Wizara ya Fedha 2006 mpaka 2008, Saada Mkuya Salum 2014 mpaka 2015, Rais Samia mwenyewe alisomea stashahada ya uzamili ya uchumi kule Manchester. Juu wapo. Wanaosahaulika ni wa katikati. Nenda halmashauri yoyote ya Dar, Jiji (zamani Ilala), Temeke, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni, idara ya mipango, utakuta mwenye cheo cha mchumi ni dada amekaa nyuma ya mafaili, ndo anayejua mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inaendaje, ile ya nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 ikarudi 2024. Anajua vikundi gani vinarejesha na vipi vinakwama na kwanini. Yeye ni mtumishi wa umma hawezi kupanda jukwaani kusema chochote anachotaka, msimlazimishe, ila mnaweza kumuomba kwa barua kupitia kwa mkurugenzi wake awasilishe takwimu, na hiyo anafanya vizuri sana. Vyuo vikuu je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wapo, kwenye taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF wapo, wanafunzi wa uzamili wapo na wana njaa ya kazi yenye maana. TGNP, ule mtandao wa jinsia pale Mabibo, walianza kusukuma bajeti yenye mrengo wa jinsia tangu 1997, waulizeni, msianze kila kitu upya kama hakuna aliyepita hiyo njia.

Kumualika nako kuna namna yake. Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha wadau, ujumbe ukaingia saa tatu usiku, kikao saa mbili na nusu asubuhi, nafika nakuta kwenye ratiba jina langu limewekwa "neno la shukrani". Nilikuwa na jedwali la gharama za maji nililolifanyia kazi wiki tatu. Nilishukuru nikarudi nyumbani, na ile hasira imenifundisha kuandika barua ya mwaliko vizuri. Sema mada, sema dakika ngapi, tuma rasimu ya waraka wiki mbili kabla, mpe nafasi ya kuzungumza mapema sio baada ya chai watu wakiwa wanaondoka. Lipa. Mwanaume akilipwa posho ya mtoa mada na yeye alipwe hiyohiyo. Kikao kiwe saa tatu asubuhi mpaka saa saba, sio saa kumi jioni, mtu anatoka Chanika au Bunju na foleni unaijua na watoto wanamsubiri. Na usimuite mmoja. Mwanamke mmoja kati ya wanaume tisa ataulizwa mambo ya wanawake tu, hata kama kabobea kwenye deni la taifa. Wawe watatu angalau, mmoja aongelee kodi, mwingine nishati, mwingine riba.

Nishati hasa, hapo tusichelewe. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa hapa Dar Mei 2024, unaishia 2034 na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Lengo zuri sana, mapafu ya mama zetu na misitu yetu vinahitaji. Ila rudi kwa mama wa Mabibo, mkaa ananunua kisado kimoja kimoja kutokana na mauzo ya jana, gesi inataka atoe hela ya mtungi mzima siku moja. Tatizo lake sio kwamba hajaelimishwa, tatizo ni mtiririko wa hela, na dawa yake ni mita ya gesi ya kulipia kidogokidogo kama LUKU ya umeme. Dada aliyeshika daftari ndo aliyeliona hilo, na hilo ndo analotakiwa kulipeleka kabla miradi haijagawiwa hela. Na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 utekelezaji wake ni kuanzia Julai 2026, kwahiyo mipango ya miaka mitano mitano inayoitekeleza nayo iwe kwenye kalenda yako.

Waraka wenyewe andika kwa Kiswahili, tafadhali. Bungeni Kiswahili ndo kinatembea na tangu 2021 ndo lugha ya sheria. Kurasa mbili, namba juu kabisa, kisha kifungu kilivyo sasa na kinavyotakiwa kusomeka, mwisho inaigharimu serikali kiasi gani na hiyo hela itapatikana wapi. Hapo kwenye gharama wengi tunapakwepa, na mtu wa hazina anaanza kusoma hapohapo. Nakala mpe mbunge mmoja wa Kamati ya Bajeti mkononi na uwe tayari kupokea simu yake usiku, maana jedwali la marekebisho linaandikwa haraka na akikosa jibu lako anaendelea na la mwingine.

Bajeti ikishapita rudi kwa waliokupa namba. Sisi Julai tulirudi Mabibo na yule dada, mama akatupakulia wali maharage akagoma tusilipe, akafungua daftari ukurasa mpya, akauliza mwaka huu aandike nini na nini.