Somo: Stratocaster au Les Paul? Namna ya kupima gitaa litakalobeba kazi zote za bendi

Mpiga gitaa wa Kampala au Jinja anaweza kuwa kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) Jumamosi mchana, baa usiku ule ule, na kanisani Jumapili asubuhi, na gitaa lake ni hilo hilo moja. Wengi hulichagua kwa kuhesabu nafasi za swichi ya kuchagua sauti: Stratocaster ya Fender, yaani Strat, ina tano, Les Paul ya Gibson ina tatu, basi Strat imeshinda. Hesabu hiyo haitoshi. Pima ni sauti ngapi utazitumia kweli besi, kinanda na ngoma zikishaingia, kwa umeme huu tulio nao. Vipimo hivi vinafaa pia kwa Squier na Epiphone, matoleo ya bei nafuu ya magitaa hayo, maana miundo ni ile ile.

Hatua ya 1: Yaweke magitaa katika hali moja

Funga nyuzi mpya za kipimo kimoja, 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi), kwenye yote mawili. Kutoka nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi daraja (nyuzi zinapokaa mwilini), Strat ina milimita 648 na Les Paul kama 628, kwa hiyo nyuzi zile zile zitakuwa ngumu zaidi kwenye Strat. Usilirekebishe hilo, ni sehemu ya unachopima. Kwenye freti (vyuma vya shingoni) ya 12 acha milimita 2 chini ya uzi wa sita, ule mnene, na 1.6 chini ya uzi wa kwanza, ule mwembamba.

Kisha pikapu, yaani sumaku na koili zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu. Kwa Strat anzia milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.6 upande wa mwembamba. Kwa Les Paul, 1.6 kwenye pikapu ya daraja na 2.4 kwenye ya shingo. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiona Strat ina sauti ndogo, wanapandisha pikapu. Nguzo za pikapu za Strat ni sumaku zenyewe, zikisogea karibu mno zinavuta uzi. Noti za uzi wa sita juu ya freti ya 12 zinaanza kuyumba, na mtu anahangaika na mashine za kutuni bure. Ukisikia hivyo, shusha kwanza pikapu ya shingo.

Hatua ya 2: Sawazisha ukubwa wa sauti

Tumia ampu moja na kebo moja, besi, mid na trebo zote katikati, bila efekti yoyote. Hambaka, yaani pikapu za Les Paul, zilizoanza kufungwa kwenye gitaa hilo mwaka 1957, zina koili mbili na hutoa nguvu zaidi. Sikio hupenda kinachopiga kwa nguvu, kwa hiyo usiposawazisha utaichagua Les Paul kabla hujaisikia. Punguza kwenye ampu. Ukipunguza kwenye nobu ya gitaa, trebo nayo itaondoka na kipimo kimeharibika.

Hatua ya 3: Zipitie nafasi tano za Strat

Strat ilitoka 1954 na swichi ya nafasi tatu. Ile ya nafasi tano ilikuja 1977. Nafasi ya 1 ni pikapu ya daraja peke yake, ya 3 ni ya kati, ya 5 ni ya shingo. Utajiri uko kwenye ya 2 na ya 4, ambako pikapu mbili zinaungana: sauti nyembamba, inayong'aa, yenye nafasi ndani yake. Sebene, ile sehemu ya gitaa la kasi ya muziki wa Kikongo, inakaa hapo. Piga rifu moja fupi juu ya freti ya 12, uirudie kwa kasi kwenye nafasi ya 4, kisha ya 2. Kila noti inatakiwa isikike imeachana na mwenzake hata pleki ikikimbia.

Nafasi ya 1 ndiyo inayolalamikiwa kwa ukali. Sababu ni kwamba kwenye Strat za kawaida pikapu ya daraja haina nobu ya toni. Toni mbili zilizopo ni za shingo na ya kati. Fungua pikgadi (bamba la mbele lililobeba pikapu), kwenye swichi lehemu kipande cha waya kutoka mguu wa toni ya pikapu ya kati hadi mguu wa daraja ulioachwa wazi upande ule ule. Toni ya pili sasa itashika zote mbili. Waya wa sentimita 2 unakupa sauti nzima ambayo ulikuwa huitumii.

Hatua ya 4: Les Paul, na nobu ambazo watu hawazigusi

Wapigaji wengi huacha nobu zote nne kwenye 10, kisha wanasema gitaa lina sauti tatu tu. Weka swichi katikati, voliumu ya daraja kwenye 10, ya shingo kwenye 6. Sikiliza. Panda hadi 7, kisha 8. Kila namba inabadilisha mchanganyiko, na hapo kati kuna sauti za kordi za kuabudu ambazo Strat haina unene wa kuzitoa.

Mambo mawili yatakusumbua. Katika waya za kawaida, ukiwa nafasi ya katikati na ukashusha voliumu moja hadi 0, gitaa zima linanyamaza. Ndivyo lilivyounganishwa. La pili, kushusha voliumu kunafifisha trebo. Dawa ni kuhamisha kapasita ya toni (kijenzi kidogo kinachokata trebo) kutoka mguu wa kuingilia wa poti ya voliumu (kifaa kilicho chini ya nobu) hadi mguu wa kati, wa kutokea, kama ilivyokuwa miaka ya 1950.

Hatua ya 5: Rudia pamoja na bendi

Sauti iliyokuwa tamu ukiwa peke yako inaweza kupotea kabisa. Les Paul hugongana na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Punguza besi ya ampu hadi 3 kabla ya kumlaumu mtu. Kwenye bendi yenye saksofoni, muundo ambao Afrigo Band imekuwa nao tangu 1975, Strat hupata nafasi yake bila kupandisha sauti. Ikifika zamu ya roki yenye distoshoni, mambo yanageuka: Les Paul hushikilia noti ndefu, Strat inahitaji msaada wa pedali.

Hatua ya 6: Kipimo cha umeme

Washa taa za ukumbi na jenereta kama ipo. Shika Strat kwenye nafasi ya 1, zunguka polepole ulipo. Mvumo ukipungua ukielekea upande fulani, unatoka kwenye transfoma au taa, na hambaka itauzima. Ukikoma pale tu unapogusa nyuzi, kinga ya ndani ya gitaa ni mbovu. Kwenye Strat nyingi za sasa nafasi ya 2 na ya 4 huzima mvumo, kwa kuwa koili ya pikapu ya kati imezungushwa kinyume.

Mdomo ukipigwa shoti na maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga mara moja. Ethi (waya wa ardhini) ya ukumbi ina kasoro, na umeme wetu ni volti 240. Usikate pini ya ethi ya plagi ili kuondoa mvumo. Watu hufa hivyo.

Kwa anayemudu gitaa moja na anapiga sebene, ridhimu na kuabudu, mimi nasema Strat. Anayepiga solo nzito na kordi pana zaidi, Les Paul itamtosha, mradi ajifunze zile nobu.

Maswali ya wanachama

Kutoka Arua: Mwalimu, uzi mmoja ukikatika katikati ya ibada Strat yangu yote inapanda. Nifanyeje?

Springi za nyuma hulingana na mvuto wa nyuzi sita. Uzi mmoja ukitoka, springi zinashinda na tano zilizobaki zinapanda. Funga springi zote tano, kaza skrubu mbili za nyuma, huku ukituni tena kila mara, mpaka daraja lilale kabisa kwenye mwili. Hutaweza tena kupandisha noti kwa mkono wa tremolo, ila gitaa litamaliza wimbo.

Kutoka Mbale: Nasafiri kwa boda. Lipi linavumilia?

Strat, ndugu yangu. Kichwa chake hakijainama nyuma, na shingo imeshikwa kwa skrubu nne, ikiharibika inabadilishwa. Kichwa cha Les Paul kimeinama na shingo imegandishwa kwa gundi. Likianguka chali hupasuka pale nyuma ya nati. Lisafirishe kwenye kesi ngumu, nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo.

Kutoka Gulu: Uzi wa tatu wa Les Paul unatoka kwenye tuni na kutoa mlio wa "ting".

Unakwama kwenye mfereji wa nati, kwa sababu unapinda kwenda pembeni kuelekea mashine yake. Toa uzi, paka unga wa penseli ndani ya mfereji, urudishe. Ukizidi kukwama, fundi aupanue mfereji kidogo kwa faili nyembamba, bila kuuongeza kina.

Kutoka Kasese: Strat yenye hambaka kwenye daraja si ndiyo jibu la yote?

Iko karibu sana, dada, lakini angalia poti. Koili moja hupenda kiloomu 250, hambaka 500. Ukiweka 250 hambaka inafifia kidogo. Ukiweka 500 pikapu nyingine zinakuwa kali. Chagua 500, kisha shusha toni za shingo na ya kati hadi 7.